Nimeletewa kichwa cha treni cha modeli kutoka Ireland, nijenge vipi reli yake hapa Mwanza?

Kijana_Nyakato

Wakuu habarini za humu, naombeni mawazo kwa wanaojua mambo ya reli za modeli. Shangazi yangu ni nesi huko Cork Ireland, amekuja likizo juzi akaniletea kichwa cha treni cha skeli ya 1:76, ni cha daraja (yaani aina) la 141 la CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, kina rangi ya chungwa na nyeusi, pamoja na mabehewa manane madogo ya ekseli mbili, reli kidogo na pointi mbili (vile vipande vya kugawa njia). Kusema ukweli kimenikamata, nakishika kila siku naangalia vile vishikio vya mlangoni na vioo vya dereva, kitu kimetengenezwa kwa heshima.

Sasa nataka nijenge stesheni ya kiairishi kabisa, sio treni ya kuzunguka tu mezani. Nina sehemu ukutani kama mita moja na nusu hivi chumbani kwangu, zaidi ya hapo hakuna. Nimesoma kwamba reli za Ireland ni pana, futi 5 na inchi 3, wakati reli niliyoletewa ina upana wa milimita 16.5 ambayo kwa hesabu inatoa futi 4 na inchi kidogo tu. Je niitupe nianze na geji sahihi? Halafu umeme wa huku kwetu mnaujua, na unyevu wa ziwa, na sehemu yenyewe ndogo, je inawezekana kweli kuendesha kitu cha maana?

GejiPana

Karibu sana mkuu, umepata kichwa kizuri. Zile 141 zilitengenezwa Marekani na General Motors, zilifika Ireland 1962 na zilikuwa 37. Rangi ya chungwa na nyeusi inakuweka kuanzia 1972 kwenda mbele, na ukiangalia namba yake utaona haina herufi B mbele, zile zenye B141 mpaka B177 ni za kabla ya hapo. Jambo lingine zuri kwako, 141 ina kebini pande zote mbili kwa hiyo haihitaji kugeuzwa ikifika mwisho wa njia. Wenzake wa 121 waliotangulia 1961 walikuwa na kebini moja tu, ikabidi wageuzwe au wafungwe wawili wawili migongo ikiangaliana.

Kuhusu geji, hesabu yako ni sahihi. Futi 5 inchi 3 ni milimita 1600, ukigawa kwa 76.2 (ndiyo 1:76 kwa usahihi) unapata milimita 21 kamili. Na hii geji ina historia, mwanzoni Ireland kila kampuni ilijenga upana wake, ile ya Dublin kwenda Kingstown ya 1834 ilikuwa futi 4 inchi 8 na nusu kama SGR yetu, wale wa Ulster wakaja na futi 6 inchi 2, wale wa Drogheda futi 5 inchi 2, vurugu tupu, mpaka sheria ya 1846 ikawafunga wote kwenye futi 5 inchi 3. Brazil na sehemu za Australia nao wanayo.

Lakini usitupe reli yako. Kujenga kwa milimita 21 maana yake unatengeneza pointi zako mwenyewe kwa mkono na unabadilisha ekseli za kichwa na za mabehewa yote. Waairishi wengi wenyewe wanaendesha kwenye 16.5. Ukiangalia treni kwa ubavu, na kwenye meza ya ukutani utakuwa unaiangalia kwa ubavu muda wote, tofauti huioni.

Mmachinga_Dublin

Mimi niko Dublin mwaka wa sita sasa, kwetu Kirumba. Hapo kwa GejiPana naomba nipingane kidogo. Kinachoifanya reli ya huku ionekane ya huku ni ule upana, ukisimama mwisho wa jukwaa ukaangalia treni inakuja mbele yako unaona kabisa imekaa imetanuka. Kama kijana ana mikono mizuri na ana muda, anaweza kujenga kipande kifupi tu cha 21, mataruma (vilalio vya reli) ya vijiti vya mbao, reli anachomelea na lehemu, watu wanafanya.

Ila nakubali kwa mtu anayeanza ni mzigo. Siku ukija huku mwambie shangazi akupeleke Malahide, kaskazini ya Dublin, kuna makumbusho ya modeli za Cyril Fry, huyu bwana alifanya kazi karakana za reli za Inchicore na akatumia maisha yake kujenga vichwa na mabehewa ya Ireland kwa mkono. Mimi nilitoka pale jioni wanafunga mlango.

Kitu kingine, fikiria mzigo gani unabeba. Kiwanda cha Guinness kilikuwa na reli yake ndani, nyembamba ya inchi 22 tu, na walikuwa wanaviinua vichwa vyao vidogo na kuvipandisha juu ya kitoroli cha geji pana ili kivute mabehewa ya reli kubwa, magurudumu yanazungusha magurudumu. Sijaona ujanja kama ule mahali pengine.

FundiRedio_Igoma

Mimi naongelea umeme tu. Mkuu hilo la kukatika lisikutishe hata kidogo kwa sababu treni ya modeli ya kawaida inatumia volti 12 za DC, yaani ni ileile ya betri ya sola. Hutegemei ukutani. Betri ndogo ya sola ya volti 12, moduli ya kupunguzia spidi ya mota (zile za PWM zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki mjini, ina kitasa cha kuzungusha), halafu unaweka swichi ya miguu sita ya kugeuza chanya na hasi ili treni iende mbele na nyuma. Kichwa kama hicho hakili hata ampea moja kikitembea peke yake.

ILA SIKILIZA HAPA. Weka fyuzi ya ampea moja karibu kabisa na betri, usiniambie utaweka kesho. Gurudumu likitoka kwenye reli na kugusa upande wa pili hiyo ni shoti, na betri haina huruma, itamwaga ampea zote ilizonazo kwenye vile viwaya vyembamba na utasikia harufu ya plastiki kabla hujafika kwenye swichi. Pia fungua kichwa taratibu uangalie kama kina dikoda ndani (kale ka bodi kadogo ka dijitali). Kama kipo, kichomoe uweke plagi yake ya kuzibia, PWM ya bei rahisi inazichanganya hizo dikoda.

Reli ukisafisha tumia spiriti na kitambaa cha pamba. Usipige msasa, unaacha mikwaruzo na uchafu unajificha humo humo. Na huku kwetu wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu wakiona taa, funika meza yako na shuka kila jioni, wakifia juu ya reli wanaacha mafuta na kichwa kinaanza kushtuka shtuka.

Mzee_Malampaka

Kijana wangu, nimesoma nikafurahi. Mimi nimestaafu reli, nimekuwa stesheni masta kwenye hii njia yetu ya Tabora Mwanza, njia iliyofika huku ziwani 1928, na nimekaa Malampaka misimu ya pamba mpaka nikajua robota kwa harufu. Nakueleza kitu kimoja, reli ni kazi. Stesheni isiyo na kazi ya kufanya hata uijenge nzuri namna gani utaichoka ndani ya wiki. Kwa hiyo kabla hujakata mbao jiulize, hapa panapakiwa nini, kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na nani anakisubiri.

Kwa hiyo nafasi yako ya mita moja na nusu upo mpangilio unaoitwa Inglenook, aliubuni Mwingereza mmoja Alan Wright, na pointi mbili ulizonazo ndizo zinazotakiwa, hakuna ya tatu. Unakuwa na saidingi (njia za pembeni) tatu, moja inameza mabehewa matano, mbili zinameza matatu matatu, na ile njia ya kuvutia nyuma inatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Mabehewa yako ni manane, sawasawa kabisa. Unaandika namba kwenye vikaratasi vinane, unavichanganya, unachomoa vitano, na hiyo ndiyo treni unayotakiwa kuipanga kwa mfuatano huohuo kwenye saidingi ndefu. Inaonekana mchezo wa mtoto mpaka ujaribu. Mipangilio inayowezekana ni 6720, hutaimaliza. Kushanti, yaani kusogeza na kupanga mabehewa, ni akili, shanta mzuri anaona hatua tano mbele kabla hajapuliza filimbi.

Na spidi yako iwe ya mtu anayetembea. Ukifika kwenye behewa simama, hesabu kichwani muda ambao mtu angeshuka, aunganishe ndoano, atoke katikati, akupe ishara, ndipo uondoke. Nakueleza kama mtu niliyewahi kuona mwenzangu ameharakishwa pale katikati ya mabehewa. Hata kwenye modeli mpe yule mtu muda wake.

Kijana_Nyakato

Shikamoo mzee. Aisee hii ya Inglenook sikuwahi kuisikia na nimepima sasa hivi, kichwa kina kama sentimita 17 na nusu, behewa na ndoano zake kama 8, inaingia kwenye sentimita 120 bila shida. Asante fundi, fyuzi nitaanza nayo. Sasa swali, mzigo gani wa kiairishi unafanana na pamba yako mzee, yaani wa msimu, maana hapo umenigusa.

Mzee_Malampaka

Marahaba mwanangu. Hilo la mzigo wa Ireland wenzangu watakujibu.

GejiPana

Viazi sukari, yaani biti! Hiyo ndiyo pamba ya Ireland. Viwanda vya sukari vilikuwa vinne, Carlow kilianza 1926, halafu Mallow, Thurles na Tuam vikafuata 1934, na kila vuli mabehewa yote yaliyokuwa yamelala yanaamshwa, stesheni ndogo ambazo mwaka mzima hazina kitu zinajaa matrekta na matope, treni zinakwenda usiku na mchana mpaka msimu uishe baada ya Krismasi. Iliendelea mpaka msimu wa mwisho, Mallow ikafungwa 2006. Mabehewa yako ya wazi ya ekseli mbili ndiyo yenyewe, na 141 zilivuta sana hizo treni. Jenga yadi ya kupakia biti mahali fulani kusini mashariki, jina tunga mwenyewe, saidingi moja ya kupakia, moja ya mbolea na makaa, ile ndefu ya kupangia treni ya kiwandani.

DadaBukoba

Jamani mmesahau nchi yenyewe, treni itatembea hewani? Mimi sina treni ila natengeneza modeli za nyumba kwa wanafunzi wa usanifu, naomba niongee.

Plaiwudi karatasi ya futi 4 kwa 8 ni kubwa sana kwako, mwambie fundi seremala akukatie kipande cha futi 4 kwa 1 tu, wengine wanauza mabaki. Chini yake weka fremu ya mbao za mbili kwa moja, na paka rangi pande ZOTE mbili za plaiwudi kabla ya kitu kingine chochote, ukipaka juu tu unyevu wa ziwa utaingia kwa chini na ubao utapinda. Kwa vilima tumia lile povu jeupe la maboksi ya samaki, pale Mwaloni Kirumba yaliyovunjika yapo, lioshe vizuri sana na sabuni ulianike siku kadhaa juani maana harufu ya sangara haina adabu. Lichonge kwa kisu chenye makali, paka karatasi na gundi juu.

Kokoto za reli ni mchanga wa ufukweni uliochekechwa kwa chujio la chai. Ukishakauka upitishie sumaku taratibu ndani ya mfuko wa plastiki, utashangaa punje nyeusi zinavyoruka kuishika. Hizo ni chuma, ukiziacha zitaingia kwenye mota ya kichwa. Mwaga mchanga kati ya mataruma, upange kwa brashi, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji. Iache mpaka kesho yake, usiguse.

Ireland kuna kijani cha kila aina na kuta za mawe za kugawia mashamba, hizo kuta kwetu Mwanza tuna mawe kila hatua, vunja vikokoto vidogo vya jiwe la kijivu ubandike kimoja kimoja, bila saruji inayoonekana. Majani tumia unga wa mbao uliotiwa rangi, rangi tatu za kijani uchanganye, kijani kimoja kinaonekana zulia. Na yale mabwawa yao ya udongo mweusi wanaochimba wakauchoma kama kuni, tumia majani ya chai yaliyokwisha kutumika yaliyokaushwa. Rangi inatoka yenyewe.

Mmachinga_Dublin

Dada hapo kwenye majani ya chai umeniua, ndivyo panavyoonekana kabisa. Na huo udongo wa kuchoma ulikuwa na reli zake, kampuni ya umma ya Bord na Móna ilikuwa na mtandao mkubwa wa futi 3 kwenye hayo mabwawa.

GejiPana

Ndiyo, na hapo kuna kitu kwa ajili ya baadaye. Futi 3 kwa skeli ya 1:76 ni milimita 12 kamili. Reli ya milimita 12 hiyohiyo ukiitumia kwa skeli ya 1:87 ndiyo inayotumika kwa mita geji, yaani reli yetu ya Tabora Mwanza. Kijana siku ukitaka kujenga Malampaka ya mzee, reli utakayokuwa umejifunzia kwenye bwawa la Ireland itakufaa.

Kijana_Nyakato

Nimeamua. Inglenook, yadi ya biti, mwaka 1975, msimu umeshaanza, geji ya 16.5 nilionayo. Fremu nampelekea seremala Jumamosi. Mzee swali la mwisho, treni ikishapangwa matano yake inaondokaje, nataka iondoke kihalali.

Mzee_Malampaka

Sisi tulikuwa tunaomba laini klia, yaani ruhusa kwamba njia iko wazi, kwa mwenzako wa stesheni ya mbele, asipokukubalia huendi popote hata abiria wakutukane. Ireland kwenye njia moja walikuwa na fimbo za chuma zinazofungiwa kwenye mashine za umeme, moja kila stesheni, na kwa kipande kile cha njia fimbo moja tu ndiyo inaweza kuwa nje kwa wakati mmoja. Dereva asiposhika fimbo mkononi haondoki. Kwa hiyo chonga kijiti, andika majina ya stesheni mbili, kitundike msumarini upande wa kushoto wa meza. Mpe mdogo wako awe stesheni masta wa mbele. Akikukabidhi kijiti ndipo unafungua ile swichi ya fundi. Asipokuwepo nyumbani, shanti tu, treni haitoki.