Kutengeneza baiskeli za mtumba na kuziuza, inalipa? Naombeni ushauri

Kahama_Kwetu: Wakuu, kuna mtu Dar anauza baiskeli 12 za mtumba kutoka Japani, elfu 60 kila moja. Nataka nizitengeneze niziuze huku Kahama. Inalipa? Usingizi umenipaa.

FundiRimu: Fungua habu zote kwanza, yaani vitovu vya magurudumu. Nyuma huingia gololi 9 kila upande, za robo inchi; mbele 10, za 3/16. Za zamani usizirudishe, zikiwa na vidoa zinakula koni, ile nati ya ekseli zinapozungukia. Pima mnyororo inchi 12, pini hadi pini. Ukizidi kwa 1/8 ya inchi, badilisha pamoja na friwili, ile gia ya nyuma, maana mnyororo mpya huruka kwenye meno yaliyolika. Matairi ni saizi gani?

Mpunga_Safi: Huku mtu anabeba gunia, anataka Phoenix, baiskeli nzito ya mizigo. Hizo za fremu ya kushuka wanunuzi wake ni kina mama na wanafunzi. Na biashara ianze kwa akiba, siyo mkopo.

FundiRimu: Mkuu, matairi? Na umeshalipa?

Kahama_Kwetu: Yaliyooza nitabadilisha tu. Kianzio nimetoa, laki tatu. Ni hela ya kikoba chetu, ila wenzangu wataelewa faida ikiingia. Nikichelewa angeuza kwingine.

Jicho_Kavu: Uzi wa kutunga huu. Tairi linaulizwa mara mbili, jibu hakuna. Kama baiskeli zipo, tuandikie namba za ubavuni.

Kahama_Kwetu: Zipo! Nimempigia. Nane ni 27 x 1 3/8, chini yake 37-609. Nne ni 26 x 1 3/8, 37-590.

Jicho_Kavu: Nimekubali, samahani mkuu. 609 haibuniwi na asiyeishika.

FundiRimu: Tatizo ndilo hilo. 609 ni kipenyo cha rimu kwa milimita, saizi ya Wajapani wenyewe. Tairi la Phoenix la 28 ni 635, litapwaya. La 590 halipandi. Ukilikosa la 609 dukani, itabidi usuke rimu za 590 kwa spoki fupi. Breki ya ngoma ya nyuma haiguswi, lakini mipira ya breki ya mbele lazima ishuke milimita 9 na nusu, na mikono mingine haifiki.

Kahama_Kwetu: Sasa nifanyeje, na hela ya watu imeshatoka?

FundiRimu: Chukua zile nne, 240,000. Kwa 60,000 inayobaki, chagua moja ya 609 uivue vipuri: krenki, dinamo, pedeli. Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Ukilazimisha kinyume, unaua nyuzi za mkono wa krenki.