Mrejesho: Maji ndani ya Mazda MX-5 ya mwaka 1994

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini zulia la gari langu hulowa kila mvua inyeshapo, ilhali paa lake la turubai halijatoboka. Kama mlivyodokeza, matundu ya kupitishia maji yaliyo nyuma ya viti yalikuwa yamezibwa na majani na vumbi, hivyo maji yakafurika na kuingia ndani. Nimeyazibua taratibu kwa kijiti laini cha plastiki, kwa kuhofia kupasua mirija ya mpira ya kupitishia maji, na sasa zulia ni kavu. Taa za mbele, ambazo kwenye gari hili hujificha ndani ya bodi na kuinuka zinapowashwa, bado huinuka moja baada ya nyingine badala ya kwa pamoja, kasoro ambayo, kusema kweli, sina haraka ya kuirekebisha. Paa likiwa wazi barabarani penye kona, injini yake ya lita 1.8 inanitosha kabisa.