Sheria ya kubana nishati majumbani: nyumba mpya tu, au na za zamani?

Fundi Paa: Wadau, kila sheria inayopendekezwa inazibana nyumba mpya: ramani haipitishwi mpaka paa lihamiwe joto, yaani liwekewe tabaka la kuzuia joto lisipite. Sawa, lakini nyumba nyingi tunazolala leo zitakuwa bado zimesimama miaka thelathini ijayo. Tuanze na hizo. Paa kwanza, kisha nyufa za milango na madirisha, mitambo baadaye.

Mwenye Nyumba: Rahisi kusema. Nikikarabati, gharama ni yangu, bili inamshukia mpangaji. Mpangaji mwenyewe anawasha kiyoyozi madirisha yako wazi!

Mpangaji wa Juu: Nyie wenye nyumba mna dharau. Tunafungua kwa sababu ukuta umeota ukungu na watoto wanakohoa usiku kucha. Funga wewe ulale humo.

Mwenye Nyumba: Ukungu mnauleta wenyewe kwa kuanika nguo ndani.

Mpangaji wa Juu: Nizianike wapi, na kamba ya nje ulikataza? Kodi unapokea kwa wakati, ukiambiwa kuhusu ukuta hupokei simu.

Mwalimu Fizikia: Ndugu zangu, taratibu. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua lazima utoke. Ukiziba nyufa bila kuacha njia ya hewa, unageuka maji kwenye ukuta wa baridi na ukungu unaota. Kuna nyumba za mfano za kubana nishati huko Darmstadt, Ujerumani, za mwanzoni mwa miaka ya 1990: zilizibwa barabara, ila ziliwekewa mtambo wa kubadilisha hewa unaochukua joto la hewa inayotoka na kuipa hewa inayoingia. Kiwango chao cha nishati ya kupasha joto ni kWh 15 (yaani uniti 15, kama zile za bili ya umeme) kwa mita ya mraba kwa mwaka.

Mwenye Nyumba: Mtambo huo atanunua nani? Ujerumani ndiyo itanilipia?

Fundi Paa: Hakuna aliyesema ununue mtambo. Nimesema paa! Na taa za LED, zinakula kama robo tu ya umeme wa balbu za zamani za waya.

Mpangaji wa Juu: Taa nilishabadilisha kwa pesa yangu. Paa si langu, siruhusiwi hata kupiga msumari.

Mwenye Nyumba: Basi nikilihami, kodi inapanda.

Mpangaji wa Juu: Ipande kwa kiasi ambacho bili imeshuka, si zaidi, na tuandikishane. Unakubali au hukubali?

Mwenye Nyumba: Kwanza uache kuanika nguo ndani.