Fundi kaponda pampu ya giaboksi halafu kaniambia gari IKASOMEWE!!!

Kibandamaiti_Oto:
Wanabaraza, naandika mkono unanitetemeka. Yule fundi wa njia ya Fuoni, simtaji, nyote mnamjua, mwenye kofia ya viua na mdomo mrefu kuliko barabara yenyewe. Leo kanimaliza.

Nimempelekea Toyota IST yangu, giaboksi oto, ilikuwa inakula oili, abadilishe ringi tu. Kushusha injini kashusha vizuri. Kurudisha ndo balaa. Konveta, lile bakuli la mafuta linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kaiacha imefungwa kwenye injini, ati akipandisha vitajipata vyenyewe huko ndani. Jamani, hata mtoto wa kuosha spana anajua konveta inatangulia kwenye giaboksi! Unaitia ATF, oili ya giaboksi, kidogo, unaisukuma huku unaizungusha, inazama hatua kwa hatua: meno ya shafti, meno ya stata, na ile ya mwisho inayokamata pampu. Hiyo ya mwisho haijaingia, hujafunga kitu.

Injini ikakataa kukutana na giaboksi. Pengo la kidole kizima! Nikamwambia, ami, hapa bado. Hakunijibu. Akachukua spana, akaichomeka bomba refu, akaanza kulivuta lile pengo kwa bolti. KAP! Nimesikia mie, kasikia muuza urojo ng'ambo ya barabara, nadhani na Chumbe wamesikia. Akajifuta mikono, tena taratiiibu, akasema: "Gari yako ina hasadi, kaisomee dua."

KAISOMEE! Pampu uiponde weye, mie nikatafute kisomo! Tumewasha, inalia, D hakuna, R hakuna. Namtazama, ananiambia tena kaisomee. Hasadi ya nani? Nani anaihusudu IST yenye mlango mmoja rangi ya maziwa?

MtuWaWete:
Yakhe pole. Lakini pengo uliliona, bomba uliliona, mkono wa mtu hukuushika. Huo urojo ulikuwa wake muuzaji au ulikuwa mkononi mwako?

Kibandamaiti_Oto:
Nilimwambia! Soma uzi! Kanijibu nikaisomee!

Spana_14:
Injini na giaboksi hukutana kwa kusukuma na mkono, bolti ni za kukaza tu. Kabla hujapandisha, weka rula kwenye mdomo wa giaboksi uone konveta imezama ndani. Zikishakutana, konveta ibaki na upenyo wa milimita chache, izunguke kwa vidole, ndo uivute uifunge kwenye ile sahani ya krenki. Ikibana mapema, simama, toa, anza upya. Sasa hiyo ishushwe tena. Usibadilishe pampu peke yake, ukague na shingo ya konveta na sili yake, chembe za chuma zishatembea humo.

Kibandamaiti_Oto:
Ishushwe na nani? Na yule wa kisomo?

Bi_Mkunazini:
Si bora wewe umepewa kisomo. Mie fundi wa friji kaniambia nyumba yangu ndo ina joto. Samaki wameoza, ananiuliza kwa nini nakaa karibu na jiko.

MtuWaWete:
😂😂 Nyumba ina joto! Huyo namjua, ana ndugu yake Chake.

Kijana_Jangombe:
Kwani si mulikuwa munamsifu huyo fundi humu humu? Oto Kibandamaiti, weye ulimpigia debe mwenyewe wakati ule wa breki.

Kibandamaiti_Oto:
Breki ni breki. Hakusema breki zikasomewe.

Mkoani_Bandarini:
Nyinyi Unguja mnalia na soko la Darajani mnalo hapo. Sie Pemba pampu tunaisubiri meli, ikifika si yake, tunairudisha kwa meli, ikirudi tena si yake. Gari hapa kwetu zinazeeka zikiwa juu ya mawe.

Bi_Mkunazini:
Tena na fundi cherehani wa kanzu za watoto! Sikukuu ya mwanzo kaniletea mikono bila ya mwili. Ati mwili upo njiani.

Kijana_Jangombe:
Wa Mchangani? Kanzu yangu kanishonea ya mtu mwengine, na huyo mwengine kaivaa yangu, nimemuona msikitini.

Kibandamaiti_Oto:
Jamani tupo kwenye giaboksi.

Spana_14:
Kijana, yako saizi gani? Mie nna 58 haijavaliwa, mabega yamekuja makubwa.

Kijana_Jangombe:
56. Ila leta niione.