San Sebastián siku tatu: wapi pa kuweka nafasi, wapi pa kuingia tu?

Pilipili_Hoho:
Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Machi, Alhamisi hadi Jumamosi, tutakuwa watu wawili San Sebastián, Hispania. Mfuko unaruhusu mlo mmoja wa bei kubwa, mingine iwe ya kawaida lakini mizuri. Mwenzangu hali nguruwe. Kati ya migahawa ya Arzak, Akelarre na Martín Berasategui, upi unastahili hela hiyo? Na kwenye baa za pintxo, vile vitafunio vidogo vya Kibaski, mtu anaagizaje?

Jiko_la_Mkaa:
Yote mitatu ina nyota tatu za mwongozo wa migahawa wa Michelin, daraja la juu kabisa, kwa hiyo usichague kwa nyota. Chagua kwa mahali na aina ya upishi. Arzak, wa Juan Mari Arzak na binti yake Elena, una nyota tatu tangu 1989 na uko mjini kabisa. Hapo vyakula vya Kibaski vinachezewa kwa ubunifu mwingi. Akelarre wa Pedro Subijana uko mlimani Igueldo, unatazama bahari. Huo uende mchana tu, maana usiku wa Machi dirishani ni giza tupu na nusu ya raha imepotea. Martín Berasategui uko Lasarte-Oria, nje ya mji, utahitaji teksi. Upishi wake ni wa usahihi mkubwa, sosi safi kupita kiasi. Kagua kalenda kabla ya kukata tiketi, kwa sababu migahawa ya ngazi hii hufunga wiki kadhaa majira ya baridi. Mugaritz, ambao nao watu huuulizia sana, hufunga baridi yote.

Bei: tenga zaidi ya euro 250 kwa mtu, bila mvinyo. Nafasi huwekwa kwenye tovuti yao wenyewe na wataomba kadi. Ukighairi dakika za mwisho unakatwa.

Suala la nguruwe liandike siku unayoweka nafasi, usingoje mezani. Supu ya msingi ya sosi huchemshwa mapema, na mfupa wa jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ukishaingia humo hautoki. Wakijua siku kadhaa kabla, watapika njia nyingine.

Na iwe chakula cha mchana. Kwa kawaida menyu na bei ni zile zile za usiku, mlo unachukua saa tatu hivi, na jioni bado unapata nafasi ya kutembea na kula kidogo.

Mama_Sosi:
Nijibu la pintxo. Saa ndizo zinazowaangusha wageni wengi. Mchana baa huchangamka kuanzia saa sita hadi saa tisa u nusu, kisha jiko linapoa. Jioni kuanzia saa moja. Ukifika saa kumi na moja na njaa, utakuta mabaki ya mchana kwenye kaunta.

Vilivyopangwa kaunta ni vya baridi. Vya moto viko kwenye ubao ukutani, na hivyo ndivyo vya kufuata, kwa sababu hupikwa ukiagiza. Usijichukulie sahani mpaka uone wenyeji wanafanyaje. Baa nyingine unajihudumia, nyingine mhudumu ndiye anayekupa. Kula kimoja au viwili, lipa, hamia baa inayofuata. Vingi ni kati ya euro 2 na 6. Bakshishi si lazima.

Mji wa zamani, Parte Vieja, una hizi: Txepetxa kwa anchoa (samaki wadogo), Ganbara kwa uyoga na kiini cha yai, La Cuchara de San Telmo kwa vya moto, Borda Berri kwa tambi ndogo zilizopikwa na jibini la Idiazabal. La Viña malizia na keki ya jibini iliyoungua juu. Sehemu moja huja vipande viwili, inawatosha nyote. Bar Nestor wanatoa tortilla (kimanda cha viazi) moja mchana na moja usiku basi. Fika mwenyewe kama saa nzima kabla, uandikishe jina, la sivyo utaiona ikipita.

Alhamisi jioni vukeni mto kwenda mtaa wa Gros. Kuna pintxo-pote, kinywaji na pintxo kwa bei ya chini.

Kwa mwenzako, sema "no como cerdo, ni jamón", yaani sili nguruwe wala jamón. Taja jamón waziwazi, maana ukisema huli nyama tu, vipande vyake vinaweza kuja vimenyunyizwa juu ya mboga. Croquetas, madonge laini ya kukaangwa, mara nyingi zina jamón ndani. Gilda ni salama: zeituni, anchoa na pilipili ya guindilla kwenye kijiti.

Nahodha_wa_Pwani:
Kwa heshima zote, mimi hela hiyo ningeipeleka Elkano, Getaria, kama kilomita 25 kwa basi. Nyota ni moja, lakini rodaballo wao, samaki bapa, hana mfano. Anachomwa mzima kwenye mkaa, na ngozi yake, ndani ya wavu wa chuma, huku akinyunyiziwa mafuta, siki na chumvi. Ute wa ngozi na mifupa unayeyuka, unachanganyika na mafuta hayo na kuwa sosi. Mhudumu atamgawa mbele yenu: mgongo, tumbo, mashavu, kisha mapezi, ambayo hufyonzwa kwa mkono. Usione haya. Samaki huuzwa kwa uzito, kwa hiyo uliza kilo na bei kabla hajaingia motoni.

Pilipili_Hoho:
Asanteni sana. Na zile nyumba za sagardo, kileo cha tofaa, Machi bado zipo?

Mama_Sosi:
Zipo, msimu ni Januari hadi Aprili hivi, nyingi ziko Astigarraga na Hernani. Jumamosi hujaa, wekeni nafasi. Menyu karibu ni ile ile kila mahali: kimanda cha bacalao (samaki wa chumvi), bacalao na pilipili hoho, txuleta (kipande kinene cha nyama chenye mfupa) ya ng'ombe, mwisho jibini na jozi. Chorizo, soseji ya nguruwe, ikiletwa mwanzoni, ikataeni. Ikipigwa kelele ya "txotx!", ishara kwamba pipa la sagardo linafunguliwa, fuateni watu kwenye pipa. Inamisha glasi ili mkondo ugonge ukingo wa ndani, chukua vidole viwili tu, na uinywe hapo hapo kabla povu halijakata. Txuleta huja mbichi katikati. Mkitaka iive zaidi semeni "más hecha" wakati wa kuagiza, kwa sababu ikirudishwa motoni hukauka.