Bodi ziko kabatini, mtihani wa vitendo tumeufanyia kwenye karatasi

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za bumu, hili ni jambo jingine kabisa.

Nipo Tabora, mwaka wa tatu, elektroniki. Chuo sikitaji, cheti bado nakihitaji. Muhula huu tulikuwa na somo la maikrokontrola, yaani zile chipu zilizomo ndani ya mita ya LUKU, mashine ya kufulia, rimoti ya tivii na kila kidude kinachojifanya kina akili. Somo nililolisubiri tangu mwaka wa kwanza.

Muhula mzima bodi, yaani kile kibao chenye chipu hiyo cha kufanyia mazoezi, tumekiona mara moja. Fundi wa maabara alifungua kabati, akanyanyua boksi moja, akasema "hii ndiyo yenyewe", akalirudisha na kupiga kufuli. Boksi lenyewe bado lina nailoni! CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alipomfuata akaambiwa mtaziunguza, halafu wakija kuhesabu vifaa ataulizwa yeye. Sasa jamani, bodi ya kufundishia inanunuliwa ya nini kama mwanafunzi haruhusiwi hata kuiunguza?

Basi tukabaki na ubao. Tumekaririshwa 8051 ya Intel, chipu ya mwaka 1980: pini 40, RAM baiti 128, ROM kilobaiti 4, milango minne ya biti nane nane. Sina ugomvi na 8051. Ni ya kizamani, lakini aliyeielewa hiyo hababaishwi sana na nyingine. Ugomvi wangu ni kuisoma kama tunavyomsoma Mtemi Mirambo: alikuwepo, alikuwa na nguvu, andika sifa zake tano.

Bumu lilipoingia nikajilipua. Nikaagiza Arduino Uno ya kopi, bodi ya maikrokontrola ya kujifunzia, kutoka Kariakoo, ikaja na basi. Nafungua mzigo, waya hamna. Kumbe Uno inatumia waya uleule wa printa, nikaenda kumlilia mama mmoja wa stesheneri huku Isevya. Akanipa, ila "saa moja tu mwanangu, wateja wangu wa fotokopi watakuja". Nachomeka, laptopu haioni kitu. Nusu ya lile saa ikaishia hapo, mpaka nikagundua hizi za kopi nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuongea na kompyuta, na inataka draiva yake, yaani programu ya kuifanya laptopu iitambue. Bando likaishia kwenye hiyo draiva. Haya yote hakuna slaidi iliyowahi kuyagusa.

Kesho yake nikarudi kuazima tena, nikafunga kitufe na taa. Kazi ni ndogo tu: nikibonyeza, hesabu iongezeke moja. Nabonyeza mara moja, inasoma tatu. Nabonyeza tena, inasoma saba. Nikaishuku programu niliyoiandika, nikaifuta yote, nikaandika upya, bado. Nilikesha siku mbili tatu kabla sijaelewa kwamba vile vibati vya ndani ya kitufe vikigusana havitulii papo hapo. Vinadunda kwa milisekunde chache, na chipu inayokwenda megahezi 16 inakihesabu kila kidundo kama bonyezo jipya. Dawa yake ni kwamba ukiona bonyezo la kwanza unasubiri kama milisekunde 20, unasoma tena, na kama bado kimebonyezwa ndipo unahesabu. Basi. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mwenzangu wa geto saa tisa usiku aje abonyeze.

Sasa njooni kwenye kilichonileta hapa. "Mtihani wa vitendo" ukafika. Tukapewa karatasi na rula. Swali la pili: chora sakiti na uandike programu ya kuhesabu mabonyezo ya kitufe. Nikacheka kimoyomoyo, swali langu hilo! Nikaandika vizuri, na ule muda wa kusubiri nikauweka, na sababu nikaieleza pembeni.

Karatasi zimerudi. Pale kwenye milisekunde 20 pamepigwa mkasi mwekundu, na maneno manne: "hii imetoka wapi? Haimo." Alama mbili kati ya kumi na tano. Nikamfuata mwalimu na bodi yangu mkononi, nikamwambia mwalimu shikamoo, naomba ubonyeze mwenyewe uone bila huo muda inavyohesabu. Hata hakuigusa. "Kijana, mtihani unajibiwa kwa notisi."

Kuna jamaa wa darasani kwetu alikariri programu ya kwenye notisi neno kwa neno, kapata kumi na tatu. Simwonei wivu, lakini hajui hata bodi inachomekwa upande gani, na mwezi wa saba sote tunapelekwa field viwandani.

Mimi ninayo sapu, mtihani wa kurudia. Nimeuliza ofisini kama safari hii tutafungua kabati. Nimeambiwa nije na penseli na kifutio.