Viumbe wadogo katika maji yaliyotuama bustanini: nitawatambuaje?

Swali

Salaam, wanajamvi. Ninamwagilia bustani yangu kwa maji ya mvua ninayoyakinga katika pipa. Kando ya pipa hilo kuna karai kuukuu lililojaa maji na majani yaliyooza, na chini ya vyungu vya maua kuna visahani ambavyo havikauki. Juzi nilichota maji kidogo kutoka kila mahali, nikayamimina katika bakuli jeupe, na nikagundua kwamba maji niliyoyadhani matupu yamejaa viumbe.

Katika pipa wamo viumbe weusi wembamba, wenye urefu wa nusu sentimita hivi, wanaoning'inia chini ya uso wa maji na kuzama kwa kujipindapinda mara tu kivuli changu kinapowafikia. Ndani ya tope la karai wamejificha minyoo wekundu kama damu, na juu yao kuna vidoa vyeupe vinavyorukaruka bila kukoma, vidogo kuliko kichwa cha pini. Katika kisahani kimoja nilimkuta funza mnene wa kijivu mwenye mkia mrefu kama wa panya, na huyo ndiye aliyenitia kinyaa zaidi.

Jirani amenishauri nimwage kila kitu, kisha nitie mafuta ya taa katika pipa. Sitaki kufuga mbu, lakini sitaki pia kuua viumbe nisiowajua. Je, yupi kati yao ni mbu, na nitathibitishaje ilhali sina hadubini?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, umeanza vizuri kwa kutumia bakuli jeupe. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kuhangaikia umbo, utazame kiumbe anavyojongea na anavyopumua, kwa maana mambo hayo mawili huonekana hata kwa macho matupu na hayadanganyi kwa urahisi.

Hao wa kwenye pipa ni viluwiluwi wa mbu. Huishi majini lakini huvuta hewa ya juu, ndiyo maana hawawezi kukaa mbali na uso wa maji kwa muda mrefu. Tulia kando ya bakuli kwa dakika mbili bila kulitikisa, kisha uangalie wanavyorudi juu. Wakining'inia kichwa chini, mwili ukiwa mshazari na ncha ya mkia ikigusa uso wa maji, basi wana mrija wa kupumulia, na hao ni mbu wa jamii ya Culex au Aedes. Wakilala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, ni Anopheles, jamii inayoeneza malaria, kwa kuwa wao hawana mrija huo. Tafuta pia viumbe waliojikunja kama alama ya mkato, wenye kichwa kikubwa. Hao ni pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu kamili. Hawali chochote, ila wanaweza kuogelea, na ukiwaona ujue kwamba zimebaki siku chache tu mbu waruke. Penye joto, safari nzima kutoka yai hadi mbu kamili huweza kumalizika kwa wiki moja au mbili.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu pipa, na ningependa kuwatetea hao wa kwenye karai, kwa sababu mara nyingi huuawa kwa kosa la wengine. Minyoo wekundu si minyoo hasa, bali ni lava, yaani wachanga, wa wadudu wanaofanana na mbu ambao hawaumi kabisa. Wekundu wao unatokana na himoglobini, ile ile inayoipa damu yetu wekundu, ambayo huwasaidia kupata oksijeni katika tope ambamo hewa ni haba. Ukichokoa tope taratibu kwa kijiti utaona vijumba vyao vyembamba kama mirija, vilivyounganishwa kwa chembe za tope. Kiluwiluwi wa mbu hajengi kitu cha namna hiyo.

Vidoa vinavyorukaruka vinahitaji lenzi ya kukuzia, hata iwe ndogo. Mwenye mwili wa duara kidogo, anayepanda kwa mikupuo na kushuka polepole, ni kiroboto wa maji, ambaye licha ya jina lake ni wa jamii ya kaa na kamba. Mwenye umbo la tone, anayekwenda kwa miruko mifupi ya ghafla, yaelekea ni saiklopi. Ana jicho moja tu, na jike hubeba vifuko viwili vya mayai ubavuni mwa mkia. Baadhi ya saiklopi wakubwa hula viluwiluwi wachanga wa mbu, na huko Vietnam wamewahi kutumiwa kwa makusudi katika matangi ya maji. Hata hivyo, saiklopi ndio wanaobeba vimelea vya mnyoo wa Guinea, ugonjwa unaompata mtu anayekunywa maji yasiyochujwa yenye saiklopi walioambukizwa, kwa hiyo maji ya aina hiyo yabaki kuwa ya mimea.

Huyo mwenye mkia wa panya asikutie hofu. Ule mkia ni mrija wa kupumulia unaoweza kurefuka, naye akikua atakuwa nzi anayefanana na nyuki, ambaye hutembelea maua na kusaidia uchavushaji.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimerudi na lenzi. Viluwiluwi wa pipa wote wananing'inia mshazari, na nimehesabu pupa sita. Vidoa vya karai vimo vya aina zote mbili, na nimemwona jike mwenye vifuko viwili kama mlivyoeleza. Nimechukua minyoo wekundu watatu pamoja na tope lao, nikawaweka katika chupa na kuifunika kwa kitambaa cha chandarua.

Jibu la tatu

Kwa kuwa umeona pupa, pipa lishughulikiwe leo hii. Mafuta ya taa siyaungi mkono: ni kweli huziba uso wa maji na kuwanyima viluwiluwi hewa, lakini huwadhuru pia viumbe wengine, na maji hayo unayamwagia mimea. Mwaga maji ya pipa juu ya udongo mkavu, mbali na mtaro, kisha usugue kuta za ndani kwa brashi ngumu. Kusugua ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu mbu wa jamii ya Aedes hutaga ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai yao huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa na kuanguliwa maji yanaporudi. Baada ya hapo funika pipa kwa wavu wenye matundu madogo, usioacha upenyo pembeni. Visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Karai mimi ningeliacha, mradi ulikague kila baada ya siku chache na kulimwaga siku utakapomwona kiluwiluwi wa kwanza.

Muulizaji

Pipa limesuguliwa na kufunikwa. Asubuhi ya leo, siku ya tisa, nimemkuta mdudu mmoja ametua ndani ya chupa, chini ya kitambaa. Kwa mbali ungeapa kuwa ni mbu, lakini ameinua miguu yake ya mbele, vipapasio vyake vya kichwani vina manyoya kama unyoya wa ndege, na hana ule mdomo mrefu wa kunyonyea. Nimeondoa kitambaa na kumwacha aende.